Akili Timamu ya Baba Yangu

Katika miaka yangu ya uuguzi nilivumilia mengi: damu, matapishi, ndugu wa mgonjwa wanaogombana juu ya kitanda chake. Kitu kimoja kilinishinda. Daktari alipoinama mbele ya mzee na kumuuliza, "Baba, leo ni siku gani? Hapa ni wapi? Nani anatawala nchi hii?" mimi nilitoka nje, nikasimama uani mpaka hasira ikapoa. Wenzangu wodini walisema nina kichwa kigumu. Walisema kweli. Lakini maswali hayo niliyasikia mara ya kwanza wakati wa vita, tukiwa tumefungiwa ndani ya seng'enge nje ya mji wa Garissa, na aliyeulizwa alikuwa baba yangu.

Baba alizaliwa upande wa Hadado, akateremka na ngamia wake kufuata malisho mpaka karibu na Bura, na huko ndiko alikotuzaa. Mimi nilikuwa binti yake wa mwisho. Niliolewa na dereva wa lori mjini Garissa, nikauza maziwa kwenye nyumba za maafisa, na Kiswahili changu nilikiokota milangoni mwao. Mama alipokufa nilirudi kukaa na baba, maana mtu wa kumpikia hakuwepo, na mume wangu alikuwa safarini na lori lake siku zote. Hapo ndipo nilipoona kwamba kuna kitu kimeharibika.

Alikuwa akiswali adhuhuri, akitoa salamu, akikunja mkeka. Kisha anaukunjua tena na kuswali adhuhuri ileile. Siku nyingine mara tatu. Mwanzoni nilidhani ni ucha Mungu. Kisha akaanza kuniita kwa jina la mama, na kuniuliza kwa nini nimechelewa na chai, wakati kikombe anacho mkononi. Sikujua kwamba ugonjwa huo una jina. Nilijua tu kwamba baba anaondoka kidogo kidogo, na mwili anauacha nyumbani.

Nilimwambia adeer, yaani ba'mdogo wangu, ndugu yake baba wa tumbo moja. Sisi tuna kipimo chetu cha akili. Mtoto akianza tu kusema sawasawa anafundishwa abtirsi, kuwahesabu baba zake mmoja baada ya mwingine mpaka kwa yule wa kwanza aliyekuja kutoka Arabuni. Anayehesabu bila kukosea ni mtu. Anayekwama anachekwa. Basi kila nilipolalamika, adeer alikuja, akakaa mkekani, akasema, "Ndugu yangu, tuhesabie." Na baba akahesabu, sauti haitetemeki, jina juu ya jina, babu juu ya babu, wala hakuruka hata mmoja. Adeer akimaliza kumsikiliza ananitazama mimi kama mwizi aliyekamatwa.

"Unamzulia baba yako wazimu," aliniambia. "Unataka nini?"

Nilitaka anisaidie, basi. Lakini alikuwa na sababu zake. Baba ndiye aliyekuwa ameshuhudia maafikiano ya ukoo, nani alipe ngamia wangapi kwa damu ya nani. Mzee akisemwa kuwa akili imemtoka, kila alilolishuhudia linafunguliwa upya, na vidonda vya zamani vinaanza kunuka. Adeer alimtumia baba kama muhuri. Alikuja kumchukua asubuhi kwa ajili ya kikao, akamrudisha mchana, na kazi ya kumbadilisha kikoi kilicholowa ilikuwa yangu. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha nilikuwa mimi, na maiti alikuwa bado anatembea.

Kisha vita ikatufikia. Wakubwa walikuwa wakigombania ramani. Watu wetu wengi walitaka kwenda na Somalia, serikali mpya ikasema hata shubiri moja ya ardhi haitoki, vijana wakaingia msituni na bunduki wakaitwa shifta, yaani majambazi. Sisi tuliobaki tukaitwa baba na mama wa shifta. Askari walikuja wakatukusanya kila mtu na mkeka wake, wakatuweka ndani ya ua wa seng'enge wenye lango moja. Wao walipaita kijiji. Mimi nimezaliwa na wafugaji, na zizi nalijua nikiliona. Baadhi ya ngamia wa baba walipigwa risasi mbele yetu, wengine waliswagwa kuelekea mjini, na hatukuwaona tena.

Baba aliyaona yote hayo kwa macho yake, na kesho yake alikuwa ameyasahau. Aliamka akauliza ngamia wako wapi. Nikamwambia. Akalia kama mtoto. Keshokutwa yake akauliza tena, nikamwambia tena, akalia tena, machozi yaleyale. Baada ya siku chache nikaacha. Nilisema moyoni, ukweli wa namna hii una faida gani, ikiwa kila siku namuua mtu yuleyule?

Lakini kunyamaza hakukutosha, kwa sababu ya maji. Mchunga ngamia wa kweli hanywi kisimani kabla ya wanyama wake. Wanyama kwanza, kisha watoto, yeye mwisho. Hilo baba hakulisahau hata siku moja. Nilimletea kikombe, akakisukuma. "Bado hawajanywa," alisema. Jua la Garissa mnalijua. Midomo yake ilipasuka, ulimi ukawa mweupe, naye anakataa maji kwa ajili ya ngamia ambao mifupa yao ilikuwa imelala kule nje.

Ndipo nikajifunza uongo wangu. Asubuhi nilimshika mkono, nikamtembeza mpaka karibu na seng'enge, nikamwonyesha vumbi. "Aabo, baba yangu, wameshakunywa wote. Wanakwenda malishoni." Alitazama, akaridhika, akanywa vikombe viwili mfululizo. Mchana nikamwambia tena. Nilimpa nyuzi za mkonge asokote kamba, maana mikono yake ikiwa na kazi miguu inatulia. Mlangoni nilitundika kengele ya mbao, ile inayofungwa shingoni mwa ngamia, ili akitoka niisikie. Hakuna aliyenifundisha. Miaka mingi baadaye, darasani, mwalimu alitueleza kwamba mgonjwa wa namna hii usibishane naye, mwelekeze, mpe kazi ya mikono, hakikisha anakunywa. Niliandika kama wenzangu, huku nimekaza meno.

Alikaa hivyo miezi kadhaa, si mzima lakini ametulia. Halafu ghafla akabadilika. Ilianza na homa ndogo na mkojo mwekundu wenye harufu kali. Baada ya siku mbili tatu, kila jua lilipopinda alianza kuona vitu. Aliona msafara unapita kwenye ukuta wa mkeka, akawaamkia wenye msafara na kuwauliza habari za mvua. Alifunga mafundo hewani, vidole vikivuta kamba isiyokuwepo. Alimwona mama amekaa pembeni. Asubuhi yakaisha, akawa mpole, anazungumza vizuri, mpaka jioni yakaanza upya.

Leo ningejua la kufanya. Mzee akisahau polepole kwa miaka, huo ni ugonjwa mmoja. Akivurugika kwa siku mbili, akaona visivyoonekana, huo ni mwingine umepanda juu ya ule wa kwanza, na mara nyingi unatibika. Tafuta homa. Tazama mkojo. Mpe maji, mpe dawa, mwache na mtu mmoja anayemjua, usimfunge, usimpigie kelele. Na uje umtazame mchana na jioni pia, kwa sababu ugonjwa huu una saa zake, na asubuhi unaweza kukudanganya. Baba yangu hakuhitaji muujiza. Alihitaji dawa ya mkojo na mtu mmoja mwenye subira. Nikikumbuka hilo mpaka leo nataka kuvunja kitu.

Siku ile nilikuwa kwenye foleni ya maji. Foleni ilikuwa ndefu, na jirani niliyemwachia baba alikwenda kumnyonyesha mwanawe. Baba alichukua kiriba kilichokuwa na maji yetu ya akiba, akatoka, akaenda moja kwa moja mpaka langoni, akalipita. Askari wa zamu alikuwa na amri ya kumpiga risasi yeyote anayetoka bila ruhusa. Hakupiga. Pengine kwao alikuwa na babu yake. Huyo peke yake, katika watu wote wa habari hii, namwombea dua. Alimkimbilia baba, akamshika bega, akamrudisha kwa inspekta.

Inspekta alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye haraka. Nilipofika mbio, nimemwaga maji yote njiani, nilimkuta amekiweka kiriba mezani kana kwamba ni bunduki.

"Mama, huyu ni baba yako?"

"Ndiyo, afande. Ni mgonjwa. Alikuwa anakwenda kunywesha ngamia."

"Ngamia gani? Huko nje hakuna ngamia. Nani hajui? Maji haya yalikuwa ya shifta."

Nilimweleza yote: kusahau, homa, msafara ukutani. Alinisikiliza huku anagonga meza kwa kidole. Mwishowe akasema daktari atakuja zahanati ya kijiji baada ya siku mbili. Daktari akisema mzee ana ugonjwa wa akili, nimchukue nyumbani. Akisema ni mzima, anapanda lori pamoja na wengine kwenda kizuizini, mbali, kule ambako wengi walikuwa hawarudi. Nilimshukuru. Ndiyo, nilimshukuru, mtu anapokushika koo unashukuru akilegeza.

Adeer alikuja jioni. Nilidhani sasa, kwa mara ya kwanza, tutakuwa upande mmoja.

"Mwache daktari aone kwamba ana akili," alisema. "Serikali inaheshimu mzee mwenye akili. Watamwomba radhi."

"Adeer, akionekana na akili wanamchukua. Inspekta amesema kwa mdomo wake."

"Na wakimwita mwenda wazimu?" Sauti ilipanda. "Wajukuu wake wataolewa na nani? Maneno yake yatasimama wapi? Jela watu hutoka. Wazimu mtu hatoki."

Nilimbembeleza. Nilimsihi kwa jina la Mungu na la mama yake. Akaondoka akitikisa kichwa, akisema wanawake wana moyo lakini hawana jicho la mbali. Jicho la mbali! Ya pua yake hakuyaona.

Katika siku hizo mbili waliniruhusu kumpelekea baba chai kwenye chumba walichomfungia. Askari walilalamika kwamba mzee anagoma, hanywi. Mimi niliingia, nikamwambia, "Aabo, wameshakunywa," akanywa birika zima. Nilimwosha uso. Asubuhi ya daktari akaamka ametulia, macho yameng'aa, kanzu safi. Nilimtunza vizuri, na uzuri huo ukaja kuhesabiwa dhidi yake.

Daktari alikuwa kijana, kola imelowa jasho, na nje watoto wenye kuhara walikuwa wakimngoja wamejaa kwenye mabenchi. Hakumpima homa. Hakuuliza habari ya mkojo; nilimwambia mwenyewe, akasema, "Tutafika huko," na hatukufika. Inspekta alisimama mlangoni. Adeer alikaa karibu na baba, kilemba kipya kichwani, na mimi nikawa mkalimani.

"Muulize leo ni siku gani."

Ilikuwa Jumanne. Baba akasema Ijumaa, na akauliza kwa nini hatujaenda kuswali.

"Muulize hapa ni wapi."

"Hadado," baba akasema. "Njia ya kisimani."

"Muulize nani anatawala."

Baba akafikiri. Akasema ni yule DC wa Kizungu mwenye mbwa mweupe, mtu mkali lakini hapendi rushwa. Nilitafsiri kila neno kama lilivyotoka, na moyo ukaanza kupata matumaini. Si wameona sasa? Mtu hajui siku, hajui mahali, hajui kwamba Mwingereza ameondoka.

Inspekta akacheka. "Wote husema hivyo. Serikali yetu hawaitaki, basi wanajifanya hawaijui." Daktari naye akakubali kwa kichwa. Alisema wafugaji hawafuati kalenda, na kila kisima kwao kina jina lake. Alipokosea ilikuwa ukaidi na ushamba. Basi ugonjwa ungeonekana wapi?

"Daktari," nikasema, "muulize mimi ni nani."

Alinitazama, akaona haya kidogo, nadhani. Akasema sawa. Nikamgeukia baba, nikamuuliza kwa Kisomali, polepole, na kidole kifuani mwangu. Alinitazama kwa upendo mkubwa ambao mpaka leo unaniuma.

"Huyu ni mke wangu," alisema. "Nimemkataza kuja kisimani na mimba hiyo, hasikii."

Sikuwa na mimba. Nilitafsiri. Daktari aliacha kuchezea kalamu, akaegemea mbele, na kwa mara ya kwanza akamtazama baba usoni kama anavyotazamwa mgonjwa. Namwambia msomaji kwa yakini: pale daktari alikuwa amefika. Hatua moja tu ilibaki.

Adeer akakohoa. "Daktari, hiyo ni mchezo," alisema kwa Kiswahili chake. "Sisi Wasomali mzee nafanya utani na binti yake hifyo. Huyu mzee iko na akili kubita mimi, kubita wewe."

"Si kweli," nikasema. "Hakuna utani kama huo. Daktari, anasema uongo."

"Nyamaza," adeer akaniambia kwa Kisomali, na kwa Kiswahili akaendelea, "Wewe nataka kubima akili? Mwambie ahesabu baba yake. Mtu ya wazimu hawesi."

Akamwambia baba maneno yaleyale ya siku zote. Ndugu yangu, tuhesabie. Nilimshika baba mkono, nikamwomba asiseme, nikamwambia amechoka, anyamaze. Aliuondoa mkono wangu kwa upole. Akakaa wima. Akaanza.

Naapa hakuna siku aliyohesabu vizuri kama siku ile. Majina yalitoka moja moja, na adeer akayafuata kwa midomo, akiinua kidole kwa kila babu, uso umejaa fahari. Alipofika kwa yule wa Arabuni, adeer alimtazama daktari kama mtu aliyeshinda kesi.

"Mimi simjui babu wa babu yangu," daktari akasema, akitabasamu. "Kumbukumbu yake ni nzuri kuliko yangu."

Nilimwambia kwamba hayo alifundishwa akiwa mtoto, kwamba yatakuwa ya mwisho kumtoka, kwamba jana hakuikumbuka chai aliyokuwa anakunywa. Nilimwomba arudi saa kumi tu, aje aone anavyozungumza na ukuta. Alisema ana wagonjwa wengine. Wagonjwa! Akaandika neno lake, kwamba mzee ni mzima, akampa inspekta.

"Anamkumbuka aliyekufa zamani za mitume," inspekta akasema, "lakini aliyemtuma maji hamkumbuki." Wakampeleka nje.

Adeer alishangaa. Hilo ndilo linalonitia hasira kuliko yote, kwamba alishangaa. Alisimama kando ya lori na kilemba chake, akimwambia kila askari kwamba kuna makosa, huyu ni mzee mwenye akili, daktari mwenyewe amethibitisha. Naam, ndiyo maana alikuwa anapanda. Mimi niling'ang'ania ubavuni mwa lori, nikimlilia askari aliyekaa na baba: mwambie wamekunywa, kila siku mwambie ngamia wamekunywa, ndipo atakunywa maji. Nilimfundisha maneno hayo kwa Kisomali. Alidhani nimechanganyikiwa mimi.

Habari zilitufikia baada ya mvua, kwa kinywa cha mtu aliyeachiliwa kutoka kulekule. Alisema mzee aligoma kunywa tangu njiani, wakamwona jeuri, wakamwacha. Mahali alipozikwa hakupajua.

Tulikaa matanga bila maiti. Wanaume walikaa upande wao, adeer katikati, akipokea mikono ya rambirambi. Nikamsikia akimwambia kila anayekuja, kwa sauti ya kutosha ili na sisi wanawake tusikie: "Alhamdulillah, ndugu yangu amekufa na akili zake timamu." Walimjibu amina. Alisema hivyo mara ya kwanza, na ya pili. Kisha nikainuka kutoka upande wa wanawake, nikapita katikati ya mikeka yao, kitu ambacho kwetu mwanamke hafanyi, nikasimama mbele yake.

"Adeer," nikasema, "mimi nilikuwa na mgonjwa. Wewe uliwapa askari mtu mzima. Basi huyo mtu wako mzima nenda ukamlete, tumzike."